Injini ya Matanga

Jenereta ya kikundi hubebwa na watu wawili. Wanawake wawili wenye nguvu, mmoja huku mwingine kule, na bado wanapumzika njiani mara tatu. Sasa niambie, ilikuwaje Jumatano asubuhi Wambeti akaivuta peke yake, ikatoka kwa kona kama kiti cha plastiki?

Alisimama. Akaivuta tena kidogo, kuhakikisha. Ikakuja.

Habari ilikuwa imefika asubuhi hiyo hiyo, yeye akikamua. Mzee Njura ameanguka. Alikuwa anafungua ng'ombe, akasema "eeh," akaanguka, basi. Hakuwa mgonjwa hata siku moja. Na Mzee Njura hakuwa tu mzee wa pale juu, alikuwa bwana ya Gladys, na Gladys ndiye mwenyekiti wa Wendani, kikundi cha wanawake ishirini na mbili ambao wamezika nusu ya watu wa hiyo sehemu ya Kianjokoma. Viti mia moja, hema mbili, sufuria tisa kubwa, na jenereta ya spika. Vyote hukaa kwa stoo ya Wambeti, kwa sababu stoo yake ina kufuli na yeye ana jina safi. Hapo watu wanaweza kukaa miaka bila stima na wasilalamike. Lakini kukaa bila watu wa kukuzika? Hiyo hakuna mtu hujaribu.

Kwa hivyo Wambeti alikuwa ameingia stoo kutoa hema zipigwe jua. Ndio akasogeza jenereta. Ndio akainama, akatoa gunia lililokuwa limeifunika.

Tangi ilikuwa hapo juu, nyekundu, na jina WENDANI limeandikwa vizuri. Ile kitu ya koili, ya kutoa stima, ilikuwa hapo upande. Na katikati, mahali injini hukaa, kulikuwa na hewa. Aliweza kuona ukuta.

"Ngai, Mungu wangu," Wambeti akasema, polepole kabisa.

Na wakati huo huo akasikia baiskeli ya bwana yake ikipanda barabara.

*

Gachoki aliingia kwa boma akiwa na furaha kama mtu ametoka harusi. Hii baiskeli yake, watu walikuwa wanatoka nje kuiangalia. Ilikuwa Black Mamba ya zamani, ile nzito. Injini imefungwa katikati na vyuma za ujenzi. Kwa gurudumu la nyuma alikuwa amefunga rimu ingine ndogo na waya, na mshipi wa mashine ya posho unatoka kwa injini unaenda kuzungusha hiyo rimu. Ukitaka kwenda, unasukuma kifimbo kinakaza mshipi. Ukitaka kusimama, unaachilia na unaomba Mungu. Tangi ni mkebe wa oili wa lita mbili.

Ilikuwa imemwokoa. Kituo cha maziwa kilikuwa kimesema geti inafungwa saa moja na nusu kamili, na Gachoki, na miaka yake hamsini na mbili, alikuwa anasukuma lita sitini za majirani kwa mlima na miguu. Mara tatu alirudishwa na mitungi imejaa. Mara tatu akarudi kwa majirani, mlango kwa mlango, kusema maziwa yao imelala, haikuuzwa. Mmoja alimuuliza kama anataka kununuliwa punda. Tangu baiskeli ianze kunguruma, wiki tano sasa, hakuwa amechelewa hata siku moja.

"Mama Ciku!" akaita. "Leo nimefika saa moja na dakika tano! Mimi wa kwanza! Yule karani ameniambia—"

"Zima."

"Umesikia juu ya Mzee Njura? Kweli dunia—"

"Baba Ciku, nimesema zima hiyo kitu."

Akazima. Wambeti alikuwa amesimama kwa mlango wa stoo na gunia kwa mkono. Gachoki aliona gunia. Furaha ikamtoka.

"Hiyo injini ulisema umenunua wapi?"

"Meru."

"Na pesa ya nani?"

"Yako. Ya ndama. Elfu nne mia tano."

"Na ya hii jenereta iko wapi?"

Gachoki akashuka kwa baiskeli. Alienda nyuma ya nyumba ya kuku, akavuta kitu kimefungwa na gunia, akakiweka chini mbele yake. Ilikuwa injini. Imekufa, imeshika kutu, na ukiangalia kwa tundu unaona ndani hakuna kitu, ni kopo tu.

"Yule jamaa wa Meru aliniwashia," akasema. "Mbele ya macho yangu. Ikawaka vizuri! Nikamlipa. Akaniambia ngoja nikufungie na gunia isichafue nguo. Nilifungua nikiwa hapa nyumbani."

"Akabadilisha."

"Akabadilisha."

"Na hukuniambia."

"Sasa ningekuambia nini? Ati pesa ya ndama imeenda?"

"Ungeniambia pesa ya ndama imeenda!" Wambeti alipiga kelele mpaka kuku wakatawanyika. "Hiyo ndio ungeniambia! Ningelia siku mbili nimalize! Unachukua injini ya matanga, Gachoki? Ya watu?"

Alimwita jina. Miaka ishirini na tatu ya ndoa, hakuwa amemwita jina lake hivyo.

"Nilikuwa nairudisha," akasema. "Nilikuwa nakusanya pesa ninunue ingine. Nilihesabu nikaona kuna muda."

"Ulihesabu nini?"

"Si unajua... wagonjwa. Niliangalia kila mahali. Mama Munene alikuwa ametoka hospitali, akapona. Yule mzee wa kanisa alianza kutembea. Hakuna mtu alikuwa mgonjwa, Mama Ciku. Hata mmoja. Nikaona mpaka Disemba hatuwezi kuwa na mazishi."

Wambeti akakaa chini pale pale kwa mlango. Alikuwa anaona bwana yake akipita kwa mitungi ya watu kila asubuhi, akisalimia, habari ya mzee, habari ya nyanya, ameamkaje. Na watu wakifurahi kwamba Gachoki ni mtu anajali.

"Ulikuwa unahesabu watu," akasema.

*

Walienda kwa Mutegi, fundi wa kuchomelea, wakisukuma hiyo baiskeli na miguu. Wambeti alikataa iwashwe. Mutegi ndiye aliunganisha kila kitu. Alipoelezwa, alicheka kwanza. Kisha akaona uso wa Wambeti akaacha.

"Wewe uliniambia injini ni yako," akamwambia Gachoki.

"Wewe itoe tu. Uirudishe vile ilikuwa."

"Irudi aje?" Mutegi akachuchumaa, akaonyesha na bisibisi. "Mama, angalia. Injini ya jenereta shafti yake ni nyembamba mbele na nono nyuma, kama karoti. Puli, hii gurudumu ya mshipi, haiwezi kukaa hapo. Inateleza. Kuna kifaa chake cha kuunganisha, lakini bwana yako aliniambia amebaki na elfu moja mia mbili peke yake ya kazi yote, na hiyo ni pamoja na puli nilitoa kwa mashine ya posho iliyokufa. Sasa mimi nifanye nini? Nilikata shafti. Nikachomelea puli, raundi mbili, ndio isiwahi kutoka."

"Itoe sasa," Wambeti akasema.

"Nikiitoa inatoka na kipande cha shafti. Hiyo injini haitawahi kuzungusha jenereta tena. Hata ikienda kwa kiwanda."

Kwa barabara wanawake walikuwa wanapita na kuni kuelekea kwa Gladys. Mmoja akapunga mkono. "Mama Ciku! Utatuletea sufuria saa ngapi?"

"Nakuja!" Wambeti akaitikia, na sauti yake ikatoka kama ya mtu mwingine.

Gachoki akasogea karibu. "Sikiza. Kuna mtu hapo Embu mjini anakodisha jenereta. Elfu tatu kwa siku. Rangi ni hiyo hiyo nyekundu. Tunaleta, tunaandika WENDANI, Jumapili tunafuta na petroli tunarudisha."

"Mimi niko na rangi nyeupe," Mutegi akasema, kisha akajiona mjinga kwa kusema.

Na hapa ndio ungemshangaa Wambeti. Mwanamke wa jina safi. Mwanamke ambaye aliwahi kutembea mpaka kwa mtu kurudisha kijiko kimoja cha kikundi. Aliangalia ile puli iliyochomelewa, akauliza:

"Hiyo rangi inakauka na masaa mangapi?"

"Sita."

Ilikuwa saa nne. Saa nane Ruguru, katibu wa kikundi, alikuwa anakuja kuhesabu.

*

Wendani wana hiyo sheria. Kabla mali itoke kwenda kwa mazishi, katibu anakuja na daftari. Anahesabu viti. Anainua sufuria juu aone kama kuna tundu. Halafu anasema jenereta iwashwe, isikike, ndio aandike. Walianza hiyo mambo baada ya kuaibika mara moja kwa mazishi ya mwalimu, spika ikinyamaza katikati ya maombi.

Ruguru alifika saa nane kamili, akakuta vitu vimepangwa nje ya stoo. Ni mwanamke mfupi, mkali, na mdomo wake haujui kupumzika.

"Mia moja, kimoja kimevunjika mguu, huyo ni mjukuu wa Mama Munene alikalia vibaya. Sufuria tisa. Hema mbili. Mama Ciku, mbona unatoa jasho? Haya, jenereta. Washa tuisikie."

"Iko kwa fundi," Wambeti akasema.

"Imeharibika?"

"Kidogo."

"Fundi gani?"

"Mutegi."

"Mutegi wa kuchomelea mageti? Tangu lini Mutegi anajua jenereta? Twende tumuharakishe, Jumamosi si mbali."

Wambeti akafungua mdomo. Na Mungu ni shahidi, alikuwa anaenda kudanganya tena, alikuwa ameshashika uwongo kwa ulimi, wakati sauti ikasikika kwa barabara. Gachoki alikuwa ameambiwa akae mbali. Lakini shemeji ya Gladys alikuwa amemkuta kwa soko, na nani angekataa kubebea watu wa msiba gunia ya unga? Alipita hapo nje na baiskeli mbio, na injini ikipiga vile hupiga: mara tatu sawa, halafu inakohoa.

Ruguru alishika kalamu hewani.

"Hiyo sauti," akasema.

"Ni baiskeli ya Baba Ciku tu."

"Nyamaza." Ruguru alifunga macho. "Tatu, inakohoa. Tatu, inakohoa. Wambeti, mimi nimezika mama yangu na hiyo sauti. Wiki tano sasa, kila asubuhi nikichemsha chai naisikia, nasimama, najiambia, leo ni nani amekufa? Halafu najiambia, Ruguru, wacha ujinga, injini zote ni ndugu." Akafungua macho. "Onyesha stoo."

Hakuna kitu kilibaki cha kudanganya. Wambeti alitoa gunia mwenyewe. Ruguru aliangalia ule ukuta unaoonekana katikati ya jenereta, akainama akaangalia tena. Aliandika kitu kwa daftari. Akafunga. Akaenda.

*

Mzee Njura alizikwa Jumamosi bila spika.

Watoto wa Gladys walitafuta jenereta ya kukodi, lakini za Jumamosi zote zilikuwa zimeshachukuliwa, hata ile ya Embu mjini. Kwa hivyo mchungaji alipaza sauti mpaka mishipa ya shingo ikatoka, na watu wa nyuma bado waliuliza "Amesema nini?" Mtu mmoja anayetaka kiti cha siasa alikuja na gari mbili, akaona hakuna maikrofoni, akasalimia familia na mkono, akaondoka. Saa saba na nusu mzee alikuwa chini. Watu walikuwa hawajui waende wapi, kwa sababu hawajawahi kumaliza mazishi jua likiwa juu hivyo.

Wambeti alifika mapema, na aproni yake na kisu chake cha viazi. Alienda moja kwa moja kwa jiko, mahali pake, kando ya sufuria ya wali. Wanawake walikuwa wanaongea. Wakaweka visu chini.

Ruguru akamletea kiti. Kile cha plastiki, cha kikundi.

"Kaa."

"Nimekuja kupika."

"Leo wewe ni mgeni. Kaa tukupakulie."

Afadhali angepigwa kofi. Alikaa kwa hema, kati ya wageni wa kutoka Nairobi, na wenzake wakapita na sahani, na mmoja akampa yake na mikono miwili, vile mtu hupewa akiwa humjui. Nyama mbili, wali, kabeji. Alikula yote. Angefanya nini, aache watu waseme amekataa chakula ya marehemu? Gladys alipita mara mbili akishikwa mikono na dada zake. Hakumwangalia.

Kwa fensi, Gachoki alisimama na wanaume. Hakuna mtu alimwambia kitu. Lakini kila aliposogea karibu na watu watatu, wakawa wawili, halafu akawa mmoja.

*

Jumanne wakaja wote kwa boma yake. Hata Gladys, na msiba wake wa siku sita, amejifunga shuka kwa mabega. Walisimama kati ya zizi na tangi la maji, wakakataa kuingia ndani, wakakataa chai. Chai! Wambeti alikuwa amepika birika mbili.

Walianza na viti. Walitoa mia moja, viwili viwili, wakipita mbele yake. Kisha hema. Kisha sufuria. Ruguru akasoma kwa daftari bila kuinua macho, kwamba mali ya kikundi itahamia kwake, na kwamba jenereta mpya ni elfu thelathini na mbili. Mama Ciku alipe mwezi huu ama jina lake litolewe.

"Sina," Wambeti akasema. "Mnajua sina."

"Basi," Ruguru akasema.

"Ngoja." Ilikuwa Gladys. Sauti yake ilikuwa imeisha, ilibaki kama ya kukwaruza. "Hiyo injini ni ya nani?"

"Yetu," Ruguru akasema.

"Inaweza kutoka kwa hiyo baiskeli?"

"Mutegi amesema hapana," Wambeti akasema.

"Basi hiyo baiskeli ni yetu. Na inafanya kazi. Inabeba lita sitini, na majirani wanalipa shilingi tatu kila lita. Niambie, Katibu, wewe ndiye unajua hesabu."

Ruguru akahesabu na midomo. "Mia moja themanini kwa siku. Miezi sita tunanunua ingine."

"Gachoki aendeshe," Gladys akasema. "Pesa iletwe kwa kikundi kila Jumamosi, ya petroli apewe kando. Jenereta ikinunuliwa, achukue baiskeli yake. Mama Ciku abaki Wendani. Mimi sitaki kumzika mtu mwingine nikiwa na hasira."

Kila mtu akamgeukia Gachoki. Alikuwa amesimama kwa mlango wa jikoni. Ilikuwa huruma, hiyo, kubwa kuliko alivyostahili, na mtoto mdogo angeiona. Lakini Gachoki alikuwa amekula aibu wiki nzima, mlango kwa mlango, na hiyo ya mwisho ikakwama kwa koo.

"Mimi niajiriwe na wanawake?" akasema. "Kila Jumamosi nimpigie Ruguru saluti nikileta mia mia? Hiyo baiskeli niliijenga mimi. Mikono yangu. Chukueni injini yenu muikate na msumeno kama mnataka. Mimi siendeshi."

Wanawake ishirini walivuta pumzi mara moja.

"Baba Ciku," Wambeti akasema.

"Siendeshi!"

Gladys alifunga shuka vizuri. Hakukasirika. Alichoka tu. "Basi tumemaliza. Ruguru, toa jina."

Kalamu ilikuwa imeshafika kwa karatasi.

"Nitaendesha mimi," Wambeti akasema.

Mtu akacheka. Halafu wakacheka wengi, hata wale walikuwa na huruma.

"Wewe?" Ruguru akasema. "Hata ya kawaida hujui!"

"Nilijua nikiwa darasa la sita."

"Darasa la sita ulikuwa na kilo thelathini!"

"Nipe mpaka Ijumaa. Nikichelewa geti hata siku moja, toa jina." Aliongea na Gladys peke yake. "Mwenyekiti, mimi sijui nitazikwa na nani kama si nyinyi. Wacha niendeshe."

Gladys alimwangalia, mara ya kwanza tangu Jumatano ile. Aliangalia viatu vyake, mikono yake, ile aproni.

"Ijumaa," akasema.

*

Mutegi ndiye alimfundisha, kwa uwanja wa shule, kwa sababu Gachoki alikaa ndani na mlango umefungwa. Siku ya kwanza alianguka mara nne. Siku ya pili kifimbo cha mshipi kilimpiga goti likavimba kama ndizi. Wanafunzi walitoka darasani, mwalimu akatoka kuwarudisha, mwalimu naye akabaki akiangalia. Hiyo siku ya pili jioni alizunguka uwanja mzima na mitungi mitatu ya maji bila kuanguka. Akashuka akatapika kwa nyasi.

Ijumaa, kukipambazuka, alivaa suruali ya kazi ya Gachoki ndani ya sketi, na gambuti miguuni. Alikuwa anafunga mitungi na mpira Gachoki alipotoka nje, hajanawa uso. Alichuchumaa, akashika mshipi na vidole viwili, akauvuta, akatikisa kichwa. Akachukua spana akakaza nati mbili. Akajaribu tena. Akarudi ndani.

Majirani walikuwa wamesimama kwa mageti na maziwa yao. Mmoja alimwagia maziwa kwa mtungi akimwambia "pole," mwingine akamwambia "hongera," na yule wa maneno ya punda akashika baiskeli isianguke akipanda.

Mlima ule mkubwa aliuanza saa moja na dakika kumi. Katikati injini ikalegea. Wambeti akasukuma kifimbo na mkono wote, akapiga pedali na lile goti, mitungi ikamvuta nyuma, akapiga pedali, akimwita Mungu na akimtusi Gachoki kwa pumzi moja, na wachumaji wa chai wakasimama na vikapu mgongoni wakimwangalia kama kitu kimeanguka kutoka mbinguni.

Karani wa kituo alikuwa ameshika geti tayari kufunga. Aliona baiskeli, akatabasamu, halafu akaona ni nani ameipanda, na mnyororo wa geti ukamponyoka mkononi.

Wambeti aliachilia kifimbo. Akashuka mguu mmoja, kisha mwingine. Akaegemeza baiskeli kwa geti.

"Ni saa ngapi?"

"Moja na dakika ishirini na nane," karani akasema. Alikuwa bado ameshangaa. "Na mzee wako? Ni mgonjwa?"

"Ako sawa kabisa. Ako nyumbani anakatia ng'ombe nyasi." Akafungua mpira, akavuta mtungi wa kwanza. "Njoo upime. Lita sitini. Na usiandike Gachoki. Andika Wendani."